Mkurugenzi Walburga na Kofia ya Kapteni

Walburga wa Bombambili, Songea, alikuwa na lori moja tu, Bedford kuukuu la kijani, lakini ubavuni aliandikisha Kampuni ya Usafirishaji, na mtu akimwita mama mwenye gari haitikii. Yeye ni mkurugenzi. Na kwa nini asijivune? Ile miaka ya ruhusa ya biashara ilipoanza, wanaume wa Majengo bado wanaulizana kama kweli mtu anaweza kuuza sabuni bila kukamatwa, Walburga alishafika Makambako kwenye treni, akarudi na chumvi, sabuni na khanga za maua. Songea nzima ikaoga. Jumapili kanisani watu walinukia mpaka padri akapiga chafya.

Basi jeshi likatafuta lori la kupeleka unga kwa askari wanaolinda mpaka kule mto Ruvuma, maana ng'ambo kulikuwa na vita. Walburga aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Otto wa Majengo, mwenye malori matatu, alikuwa akitangaza vilabuni kwamba ulinzi wa taifa si kazi ya kina mama.

"Taifa nitalilinda mimi," Walburga akasema. "Yeye alinde kitambi chake."

Asubuhi moja anapepeta mahindi uani, akaingia kijana wa sare, kofia imemkaa sawasawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wa wapi wewe?"

"Naitwa Kapteni Kihwele. Nyumbani Kalenga, Iringa."

Mhehe! Mtani kabisa! Mngoni akiingiliwa uani na Mhehe haulizi amefuata nini. Walburga akatupa ungo, akamvua kofia, akaivaa mwenyewe juu ya kilemba.

"Umekamatwa! Babu zako walitukimbia mpaka wakasahau wake zao! Sharifa, njoo ufiche mbwa wangu, mwenye kitoweo chake ameingia!"

Sharifa, jirani yake, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, niko kazini," kapteni akasema. "Nimekuja kukagua lori la kupeleka unga."

Moyo wa Walburga ukashuka mpaka kwenye kandambili. Dereva wake, Leonce, akamnong'oneza, "Mkurugenzi, mrudishie kofia, tutakosa kazi!"

Lakini wapi. Mtani aliyekamatwa hujikomboa. Ukimwachia bure umewadharau wazee wa pande zote mbili. Walburga akaikaza kofia.

"Kazi ni kazi, utani ni utani. Jikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Sukuma lori. Betri imelala."

Kapteni akatazama saa. Kurudi kambini kichwa wazi hawezi. Akakunja mikono ya shati, akasukuma, Walburga amekaa mbele anapunga mkono kama mgeni rasmi. Lori likakohoa moshi, likawaka. Uso wa kapteni ukajaa masizi. Walburga akamrudishia kofia kwa mikono miwili, akijua kazi imekwenda: nani atampa unga wa askari mwenye lori la kusukumwa?

Kapteni akaivaa taratibu. Mara akaruka mbele ya lori, akatanua mikono.

"Na mimi nimelikamata! Panya wenu wa kukausha, kitoweo cha Wangoni, siwataki. Jikomboe, mama: keshokutwa magunia arobaini yafike mpakani, bure. Yakifika, kazi ni yako. Ukizimikiwa njiani, nampa Otto."

Walburga angekasirika, angekuwa amevunja utani. Akapanda mwenyewe juu ya magunia. Leonce akakatazwa kuzima injini, hata wakila, hata wakienda kichakani kujisaidia. Siku mbili lori liliunguruma bila kupumzika, likafika mpakani linachemka kama chungu cha pombe. Askari wakashangilia unga. Walburga akawapigia saluti kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika kiuno.

Wiki iliyofuata kapteni akaja na mkataba, na kikopo cha wino wa kuwekea dole gumba. Walburga akakisogeza kando. Mkurugenzi haweki dole. Akaomba kalamu, akaanza jina lake, herufi moja moja, ulimi nje.

Alipofika kwenye B, kapteni akatazama saa, akaomba kiti.