Okidi za Mama Violeth

Jirani yangu Digna, ambaye mtaani wote tunamwita Mama Violeth, hajui kutulia. Ukimpa kiti dukani kwangu atakaa upande, macho barabarani, mara kasimama, mara kakumbuka jiko. Mimi nauza vitenge, tumekaa ukuta kwa ukuta tangu Violeth anatambaa, basi namjua. Na mtoto wake huyo mmoja alimlea hivyo hivyo, roho juu juu. Hata binti alipopata kazi Arusha, kwenye shamba la maua, alipigiwa simu asubuhi, mchana na jioni: umekula, umesali, nani huyo anaongea hapo? Mwisho Violeth akaacha kupokea. Akawa anatuma ujumbe tu, na nyumbani haji.

Mwaka juzi likafika boksi kwa basi. Ndani mna miche ya maua ya okidi, midogo, majani mawili matatu kila mmoja, mizizi minene inaning'inia. Ujumbe ulisema: weka kwenye vipande vya mkaa, tundika kivulini, usiiguseguse. Ilikuwa zawadi ya kwanza tangu msichana anyamaze. Mama Violeth aliniambia wazi, machozi yanamlenga, kwamba hii ikifa, mtoto naye ndiyo basi tena.

Sasa mwambie mkulima wa mpunga wa Ifakara kuna mmea unaokaa bila udongo! Alicheka. Akaenda shambani kwake ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, akarudi na ndoo ya tope jeusi kwenye bodaboda. Nyuma ya jiko akachimba kajaruba, akajaza maji yakasimama, akaipandikiza miche kwa mstari, mgongo umepinda, anaimba. Nikamuuliza, mwenzangu, ujumbe si ulisema mkaa? Akanijibu nishike vitambaa vyangu, mambo ya kupanda nimwachie yeye.

Basi kazi ikaanza. Kila alfajiri ameinama pale. Anaongeza maji, anayapunguza, anang'oa mche kutazama mizizi, anaurudisha. Majani yakalegea, yakawa manjano, shina ukilibonyeza linatoa maji. Usingizi ukamkimbia, chakula hali. Alipobakiwa na miche miwili ndipo akaukubali mkaa. Tuliuvunjavunja, tukautia kwenye vifuu vya nazi tulivyovitoboa, tukavitundika kwenye mpera wangu, maana kwake hakuna kivuli. Hata hapo hakukoma. Alikuja na kikombe chake cha maji kutwa, mpaka nikamnyang'anya.

Kilichomwondoa ni ndege. Mpunga ulipoanza kutoa masuke ilimbidi ahamie shambani, kwenye dungu, kama wote wenye mashamba wanavyofanya, kufukuza ndege hadi mavuno. Asingekwenda, angekula nini? Aliondoka akilia, ananiusia kama anayeacha kichanga. Huko mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo alikuwa anapanda kichuguu ili anipigie. Nikamwambia, Mama Violeth, utaanguka huko juu tukuzike kwa sababu ya majani. Mvua za masika zikanyesha, jua likachomoza, miche ikakaa zake pale mperani, na mimi nikauza vitenge.

Aliporudi hakupita kwake. Alikuja moja kwa moja kwenye mpera, matope hadi magotini. Kila mche ulikuwa umetoa jani jipya, na mizizi imekikumbatia kifuu, ncha zake kijani. Nilidhani atapiga vigelegele. Alijishusha chini akaegemea shina.

"Kumbe hata bila mimi," akasema.

Iliniuma, nikaenda kumletea maji ya kunywa. Nilipotoka nikamkuta ameipiga picha miche na kumtumia Violeth, bila neno lolote. Simu ikaita pale pale. Nikajua sasa ataharibu, ataanza maswali yake na msichana atakata.

Mama Violeth akapokea, akasema miche haijambo. Kisha akanyamaza, mkono mmoja ameukalia, midomo ameibana kama mtu anayetolewa mwiba. Simu yake ile inapaza sauti, kwa hiyo nilimsikia Violeth vizuri.

"Mama, mbona leo huniulizi kitu?"

"Nasubiri uniambie mwenyewe."

Violeth akaanza taratibu, na hakunyamaza mpaka simu ya mama yake ilipoisha chaji.