Mkwezi wa Galilaya

Mwishehe wa Kaole alikuwa mkwezi wa minazi, mpole, mwembamba, na mwenye haya kupita kiasi. Haya ni jambo jema kwa mtu, mama zetu walitufunza hivyo, lakini za Mwishehe zilikuwa ugonjwa. Akikukanyaga mguu kwa bahati mbaya, alikuwa radhi kukukwepa mwezi mzima, apite vichochoroni, kuliko kusema samahani ikaisha. Watu walimcheka kwa hilo, naye alicheka pamoja nao. Hakuna aliyejua kwamba siku moja haya hizo zitamla mzima mzima.

Wazazi wake walikufa akiwa mdogo, akalelewa na Mzee Ausi, mpiga dufu mkuu wa Kaole, na mkewe Bi Mina. Alikula sinia moja na mtoto wao Msabaha. Mzee Ausi aliwafundisha wote wawili kupiga dufu la maulidi, na punde ikajulikana kwamba Msabaha kajaliwa sauti, ila mkono ni wa Mwishehe. Kulikuwa na pigo moja ambalo mzee hakumwachia mtu mwingine yeyote, lile la watu wanaposimama kumsalia Mtume, na hilo nalo akampa Mwishehe. Bi Mina akisikia pigo hilo akiwa jikoni huwaambia wanawake wenziwe, "Huyo si mume wangu, huyo ni mwanangu." Alijivuna wazi, bila kujali nani anasikia.

Mwishehe alipooa, akamchukua Sihaba wa Mlingotini, alipata kazi ya kuangua nazi katika shamba la misheni, Bagamoyo mjini. Miaka ile, uhuru ukiwa bado mbichi, makanisa yalikuwa yameanza kuruhusu ngoma ndani ya ibada. Kwaya ya vijana ya pale ilikuwa na magitaa matatu na ngoma moja kubwa, na mwalimu wao alikuwa kijana wa misheni, Kulwa, mtu mwenye tamaa ya makuu na moyo mzuri. Tatizo lilikuwa ngoma. Vijana wake waliipiga kama watu wanaopigilia bati.

Siku moja walikuwa wakijifunza chini ya ukuta wa bustani, na Mwishehe yuko juu ya mnazi. Mikono ikamwasha. Akaanza kugonga shina kwa mpini wa panga, taratibu, akiwarudisha kwenye mwendo kila walipopotea. Kulwa akanyamazisha kwaya, akatazama juu.

"Wee bwana uliye huko juu, hebu shuka."

Mwishehe akashuka akiomba radhi kabla hajafika chini.

"Sikuiti nikukaripie," Kulwa akasema. "Kaa hapa upige."

"Mimi Mwislamu, mwalimu."

"Nami sijakuuliza dini yako. Nimekwambia upige ngoma."

Alikwenda kwanza kumwomba ruhusa Mzee Ausi. Mzee akatafuna tambuu yake kwa muda, kisha akasema, "Ngoma ni ngoma, kapige. Dufu ni jambo jingine. Na usiku wa kuamkia Ijumaa nakutaka hapa kwangu." Mwishehe akambusu mkono. Kwa miaka kadhaa mambo yakaenda hivyo: Jumapili yupo kwa Kulwa, usiku wa Ijumaa yupo kwa mzee wake, na hakuna upande uliomwonea jicho baya.

Kwaya ikakua. Ikaacha kusimama tu kanisani, ikaanza kuitwa harusini, Msata, Chalinze, Kibaha, hata Morogoro. Ikajipa jina, Galilaya. Mjini watoto wakaiita Galilaya Jazz, na padri, aliyelichukia neno hilo, akawa akilisikia kila anapopita sokoni. Waliovutwa na muziki ule walisema maneno yanatoka Biblia na mwendo unatoka Kaole. Mwishehe alilisikia neno hilo na likamfurahisha kwa siri.

Kisha redio ikawaita Dar es Salaam kurekodi. Asubuhi ya safari, vyombo vimekwisha kufungwa juu ya basi, akaja mtu wa Kaole na baiskeli, anatweta.

"Mwishehe, mzee wako kafariki. Alfajiri hii."

Kulwa alikuwa karibu, akasikia. Akamshika bega. "Ndugu yangu, ukirudi sitakulaumu. Tutapiga bila ngoma, itakavyokuwa na iwe."

Basi linanguruma, vijana wanachungulia madirishani. Mwishehe akafikiri: mzee ana ndugu yake Pangani, lazima angojwe, hawaziki leo. Ndivyo alivyojiambia, na alijiambia hivyo kwa sababu alitaka kwenda. "Waambie nakuja jioni," akamwambia mwenye baiskeli, akapanda.

Kule studio walikuta kwaya ya bara inarudia wimbo mmoja asubuhi nzima. Zamu yao ilipofika, fundi wa mitambo akaikataa ngoma, inameza sauti za watu. Akauliza kama hawana kitu chepesi. Mwishehe alikuwa na dufu lake dogo la kujifunzia ndani ya kikapu, hakuwa akienda popote bila hilo. Akalitoa. Wimbo wenyewe ulikuwa wa yule mwana mpotevu anayerudi kwa baba yake. Walipofika mahali baba anamwona mwana kwa mbali, mikono ya Mwishehe ikapiga pigo la kusimama, lile lile la Mzee Ausi. Hakupanga. Alikuwa akimzika mzee wake kwa njia pekee aliyobaki nayo. Machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, na Kulwa, aliyemwona, akadhani Roho kamshukia.

Alipofika Kaole watu walikuwa wakitoka makaburini, mchanga bado uko miguuni mwao. Hawakumngoja wa Pangani, joto lilikuwa kali. Akamwona Msabaha amefunga kikoi kiunoni, anaegemea watu wawili. Mwishehe akasimama nyuma ya boma la miti, kisha akageuka akashika njia ya nyuma hadi kwake.

"Nenda kahani wafiwa," Sihaba akamwambia.

"Kesho."

Kesho ikaja, akasema watu wengi. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, akasema sasa nitaonekana nimekuja kula. Sihaba akaenda peke yake, akarudi na macho mekundu.

"Bi Mina kaniuliza, mwanangu yuko wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nimesema yuko safarini. Mwishehe, mama yule hana hasira. Nenda ukampe mkono, basi."

"Anauliza ili anisute," akasema. Aliamini hivyo kabisa. Mtu mwenye haya kama zile akisikia jina lake, husikia shtaka.

Na pengine angekwenda, maana jambo lenyewe lilikuwa hatua chache tu za mchanga kati ya nyumba mbili. Lakini wimbo ukatoka redioni. Ukapendwa. Kila Jumapili asubuhi, nchi nzima, dufu la Kaole likawa linamsindikiza mwana mpotevu kurudi nyumbani. Mwishehe alipopita dukani, wazee waliokuwa wakisikiliza wakanyamaza wakamtazama. Hakuna aliyemwambia neno. Yeye akaufasiri ukimya ule: nimeuza dufu la Mtume kanisani, na siku ya maziko juu yake. Usiku wa Ijumaa alikaa mlangoni akisikiliza madufu kwa mbali, akingoja mtu aje amwite. Kule nako, kama ingejulikana, mahali pake katika mstari paliachwa wazi, akingojwa aje mwenyewe. Hivyo ndivyo watu wawili wanavyopotezana, kila mmoja amekaa kwake na mlango wazi.

Sihaba aliendelea kumsihi, mwaka wa kwanza kwa upole, wa pili kwa ukali, kisha akachoka. Kilichombakia Mwishehe kikawa Galilaya. Alishikilia kundi lile kwa kucha. Alisafiri nalo Tanga, Dodoma, Moshi. Watu walijaa viwanjani, wasichana waliimba maneno yote kabla ya waimbaji, na Kulwa alipotaja majina ya wapigaji, la Mwishehe lilishangiliwa. Usiku mmoja huko Moshi alimwambia Kulwa kwamba hana mahali pengine duniani. Kulwa akacheka, akasema basi hapa ndipo pako.

Makundi mengine yakaanza kuiga. Galilaya wakanunua magitaa ya umeme, wakashona suruali za miguu mipana, na mwisho zikaja ngoma za kizungu, za chuma na matoazi yanayong'aa, pamoja na kijana aliyesomea kuzipiga. Kulwa alimfuata Mwishehe shambani, akakaa chini ya mnazi mpaka aliposhuka. Alihangaika na kofia yake kwa muda mrefu.

"Kamati imekaa. Wanasema kundi sasa linakwenda hata nje ya nchi, kila anayesimama jukwaani awe mbatizwa. Nimekutetea, wallahi." Kulwa, mtoto wa misheni, aliapa kwa kiapo cha Kaole bila kutambua. "Ila hatukuachi. Tunahitaji mtu mwaminifu wa kutunza vyombo, kupakia na kupakua."

Mtu mwingine angemtukana, akarudi mtini. Mwishehe alisema ahsante. Kwa muda wa mwaka na zaidi akawa anabeba zile ngoma za chuma, anazipanga jukwaani, anafuta vumbi, kisha anakwenda kukaa nyuma ya lori. Mashabiki waliomkumbuka walidhani anaumwa. Huzuni ile haikuwa na kelele. Ilimkausha kidogo kidogo, hata Sihaba akawa anamwekea chakula na kukiondoa vile vile.

Mwaka huo redio ikaomba wimbo wa mwana mpotevu urekodiwe upya, kwa mtindo wa kisasa. Mwishehe ndiye aliyezibeba ngoma kuziingiza studio. Mlango ukafungwa, akabaki ukumbini. Kupitia mlango mzito alisikia mahali pale baba anapomwona mwana, na pale ambapo mikono yake ilikuwa imelia, kijana akapiga matoazi mawili kwa nguvu. Waliotoka walikuwa wakikumbatiana. Wimbo wa zamani redio hawakuurusha tena.

Haukupita muda, Bi Mina akafa. Mwishehe alikuwa kazini kwa mtu pale Kaole, juu ya mnazi mrefu kuliko yote ya shamba lile. Aliona jeneza likitoka, aliona kofia nyeupe zikilizunguka, mabega yakipokezana, na Msabaha mbele, mvi tupu. Njia ilipita karibu kabisa na mnazi wake. Alitakiwa kushuka tu. Aling'ang'ania shina, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, na watu wakapita. Aliwaona wakirudi, bado yuko pale pale. Aliposhuka, akaketi mchangani akalia kama mtoto aliyepigwa.

Sihaba hakumkaripia. Alimngoja siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne alimfulia kanzu, akamwekea kofia juu yake. "Usinisemeshe," akamwambia. "Vaa uende."

Akaenda. Msabaha alikuwa barazani peke yake, anakunja mikeka ya matanga. Alimtazama kwa muda kama mtu anayetafuta jina la mtu.

"Nimekuja kuhani," Mwishehe akasema. "Mama. Na mzee." Akanyoosha mkono.

Msabaha akaupokea. "Mwenyezi Mungu awarehemu. Karibu." Akamkunjulia mkeka tena. Walikaa.

"Mlinichukia," Mwishehe akasema hatimaye. "Mlikuwa na haki."

"Nani alikuchukia?" Msabaha alionekana kushangaa kweli. "Siku ya kwanza wimbo ule uliposikika redioni, mama alikuwa anachagua mchele. Akauacha ungo. Akasema huo mkono wa Ausi, huyo Mwishehe anamzika mzee wake. Tukajua sote. Tukasema acha, anaona haya, atakuja mwenyewe." Akasogeza mikeka pembeni. "Dufu la mzee alikuwekea wewe. Mama alilianika juani kila mwezi, ngozi isioze. Wenzangu walilitaka, akawakatalia. Akasema mwenyewe yuko safarini, kama Sihaba alivyomwambia."

Mwishehe akauangalia mlango wa ndani.

"Halipo," Msabaha akasema. "Aliusia tukungoje mpaka matanga yaanuliwe. Yameanuliwa jana. Kalichukua mpwa wetu wa Mlingotini."

Kuku alitetea uani. Jana Mwishehe alikuwa amekaa kitandani kwake, hatua chache tu kutoka pale.

"Kila Jumapili mama alitaka redio isogezwe kitandani kwake," Msabaha akaendelea, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Wimbo ukianza anasema, haya, mwanangu kaja kunihani. Ukiisha anasema, kaondoka tena. Tulizoea, mpaka watoto walikuwa wanamwigiza. Jumapili ile ya mwisho wakaupiga kwa zile ngoma za chuma. Akausikiliza wote, mpaka mwisho. Akaniuliza, Msabaha, mbona Mwishehe leo hakuja?"

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Alifariki Jumatano."

Msabaha akainuka kwenda kuchota maji ya kunywa, maana mgeni alikuwa hajapewa kitu. Mwishehe akabaki mkekani, mikono yake iko mapajani, imetulia kabisa.