Supu ya Baba

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, baba aliugua ini nyumbani kwetu Gare, na mimi binti yake sikutulia. Kutwa nilikuwa jikoni na chumbani, chumbani na jikoni, na bakuli la supu ya mbuzi, maana kwetu mgonjwa hapewi mboga tupu. Kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda, mikono ikimcheza. Asubuhi moja alinitazama, akaniambia mimi, mtoto wake, "Shikamoo." Nikamsogezea bakuli. Akarudia, akarudia tena, mpaka nikafoka, "Marahaba!"

Tukampeleka hospitali. Daktari akanieleza kwamba nyama tunayokula huacha sumu mwilini, inaitwa amonia, na ini ndilo huiondoa. Ini la baba lilikuwa limeshindwa. Misuli ilijaribu kulisaidia kuiondoa, nayo ikaisha kwa kazi hiyo, ndiyo maana alikonda. Sumu iliyobaki ikampanda kichwani, ikamvuruga akili.

"Acha hiyo supu," daktari akasema. Nilitamani kumzaba kibao.

Siku ya nne bila supu, nilisimama kando ya kitanda chake hospitalini.

"Shikamoo, baba."

Akajiinua kitandani.

"Marahaba," akaitikia kwa ukali. "Na supu yangu iko wapi?"