Vijiko Sita vya Baraka

Nilikwenda Durban kwa sababu mdogo wangu Baraka, mfua fedha kama mimi, aliacha kupokea simu za mama. Kwangu alituma ujumbe mmoja tu: "Kaka, njoo." Nilifunga karakana yangu Nairobi huku nikinung'unika. Mtu mzima kunichezea mafumbo!

Alasiri, uwanja wa ndege, nilipokelewa na Papa Kasongo, Mkongomani mwenye duka la simu, anayepanga nyumba moja na Baraka kule Overport. Tulipokuwa tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, akanigeukia.

"Iko muzima, ndugu. Lakini ile vijiko yake, eish! Alitaka kunipa moja, nikakatala."

Nilimcheka. Mwanamume mzima kuogopa kijiko!

Usiku ule Baraka hakurudi nyumbani; asubuhi nilimfuata Mobeni, eneo la viwanda. Baraka hufanya kazi nyuma ya ghala, akifua vyombo vya mezani kwa nyundo, kwa mitindo ya Wamarekani wa kale. Alikuwa amekonda, anahema hata akiwa ameketi. Akanipa kijiko. "Zawadi yako, kaka."

Kiling'aa mno sehemu moja ya mpini, nikashuku. Sisi mafundi, tukishuku hivyo, hupulizia pumzi, maana jina lililofutwa hujitokeza kidogo kwenye ukungu. Nikapuliza. Likaja polepole: Baraka. Chini yake: alifariki. Kisha nafasi tupu ya tarehe.

Ukungu ukakauka, na jina likapotea.

Desturi hiyo naijua. New York ya zamani, wafiwa walimpa kila mbeba jeneza kijiko cha fedha chenye jina la marehemu.

"Vingine viko wapi?"

Akavuta droo. Vilikuwa vitano, na jina lake lingalipo.

"Chako nilikifuta nisikutishe. Ni moyo, kaka. Madaktari wanataka kunipasua Jumatatu, nami siendi. Nilihesabu watu wa kunibeba huku ugenini, nikapata watano, na jeneza hutaka sita. Ndipo nikakuita."

"Mjinga wewe!" Nilifoka, kisha nikalia, wala sioni haya kusema. "Nguvu ya kufua vijiko vya mazishi unayo, ya kwenda hospitali huna? Jumatatu tunakwenda!"

Jumatatu alipasuliwa.

Alhamisi, saa ya kuwaona wagonjwa, muuguzi alitugombeza kwa kujaza wodi. Papa Kasongo alikuja na wasusi, wauza simu, wanafunzi Wakenya na nusu ya kwaya ya kanisani kwao. Baraka alifumbua macho, akawatazama mmoja mmoja, akajifunika shuka usoni.

Jumamosi nilirudi Nairobi. Nilichojifunza ni hiki: mgonjwa asiachiwe kuhesabu watu wake peke yake. Yeye alipata watano. Mimi, pale wodini, nilifika thelathini na mmoja, na wengine walikuwa bado wanapanda ngazi.