Ampli Kubwa kwa Ajili ya Emérita

Watu wa Nyamitaba wakitaka kumtaja mtu mwenye kichwa kigumu hawahangaiki kutafuta mfano, wanamtaja Sebahire. Seremala huyu ameezeka nusu ya nyumba za mlima ule, na katika kazi yake yote hakuna boriti iliyowahi kumshinda. Akisema ubao utanyooka, utanyooka, hata kama itabidi aukalie siku tatu.

Mwaka wa uhuru, mlowezi mmoja aliyekuwa anafunga virago alimwita amtengenezee masanduku ya safari. Mwisho wa kazi alimwachia vyombo vyake vya muziki: mashine ya kuzungusha santuri, hoparlere ya kutolea sauti, na ampli, yaani lile sanduku la chuma linalopokea sauti nyembamba ya sindano na kuikuza. Ampli ile ilikuwa ya lampe nne, zile taa ndogo za kioo zinazokuza sauti, na ilikula batri ya gari. Ukiiwasha, sharti ungoje lampe zipate moto, na nadhani Sebahire aliupenda muda huo wa kungoja kuliko muziki wenyewe, maana ndipo wageni waliponyamaza wote wakimtazama yeye. Hoparlere aliijengea kabati zuri la mbao za msituni, akalipiga msasa mpaka likang'aa. Jumapili baada ya misa, majirani walijaa sebuleni kwake.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha. Mke wake, Emérita, hakuwa anakaa tena kusikiliza.

Miaka ya mwanzo alikuwa akivuta kigoda karibu na kabati, mikono mapajani, shingo ameinamisha. Kisha akaanza kukaa mlangoni. Kisha akawa anapita tu na kibuyu chake cha maziwa. Ilipofika mwaka 1968, santuri ikianza kuzunguka tu, Emérita yuko jikoni. Sebahire aliumia. Nyumba nzima ikimsifu na mkewe hayupo, sifa zilikosa ladha. Siku moja alimfuata huko huko jikoni.

"Emérita, juu ya nini haukaake tena na siye?"

Emérita alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Miye siko nasikia," alisema.

Basi. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyompeleka mwanamume mpaka Walikale.

Sebahire alirudi sebuleni. Mkewe anakuwa kiziwi, naye hakujua. Akaanza kumpima. Alisimama nyuma ya migomba akamwita kwa sauti ndogo, Emérita hakugeuka. Alimwita kutoka nyumbani, mke yuko kwenye zizi, kimya. Mara nyingine alimnong'oneza mgongoni kwamba mbuzi wameingia katika maharage, na mama huyo akaendelea kutikisa kibuyu chake kama kawaida. Mtu mwingine angejiuliza kama mwanamke aliyeolewa miaka ishirini na miwili hawezi kusikia vizuri sana na bado akaamua kutoitika. Sebahire hakujiuliza. Fundi wa mbao akiona ufa hutafuta gundi.

Na gundi aliijua iko wapi. Binamu yake Védaste alishuka msituni zamani, akafungua duka kule Walikale, na nyuma ya duka alitengeneza redio za watu. Alikuwa ametuma habari kwa dereva wa lori kwamba amepata ampli mpya, kubwa, na kwamba hataki noti, anataka mtamba. Watu wa msituni walikuwa na mafuta ya mawese ya kuogelea, lakini maziwa waliyasikia kwa jina.

Mtamba alikuwepo, mwekundu, jina lake Gaju. Hapo ndipo penye mwiba. Gaju alikuwa mzao wa ng'ombe aliyerudishwa na baba yake Emérita, maana kwa desturi ya watu wao, mahari ikizaa, ndama mmoja huwarudia waliooana. Ng'ombe wa namna hiyo hatolewi kwa mchezo, na hatolewi bila mke kujua. Sebahire aliligeuza jambo hilo kichwani wiki nzima. Mwishowe alijiambia kwamba ikiwa ampli ni kwa ajili ya masikio ya Emérita, Gaju atakuwa hakutoka mikononi mwake, amebadilika umbo tu. Hoja hiyo ilikuwa na tundu la kupitisha ng'ombe mzima, lakini mtu akishapiga moyo konde haoni matundu. Aliamua asimwambie mkewe lolote mpaka siku ampli itakapoimba. Akamwambia anapeleka maharage Walikale, arudi na mafuta. Emérita akamfungia viazi vya njiani na kumwambia aangalie mgongo wake, lori lile halina huruma.

Alikaa juu ya magunia siku mbili. Mapajani alishika kisanduku cha mbao chenye santuri zake tano, kwa sababu hakuna fundi anayenunua msumeno kabla ya kuukatia ubao wake mwenyewe. Baridi ya milima yao ya Masisi ilibaki nyuma, msitu ukawameza, matope yakawakamata mara tatu. Kila lori lilipokwama Sebahire alishuka wa kwanza kusukuma. Maji umeshayavulia nguo, utayaoga.

Védaste alimpokea kwa shangwe, akamkalisha mbele ya ampli kabla hata hajanawa miguu.

"Hii iko na wati makumi mbili," alisema. "Haina lampe ya kungojea. Iko ya transistori. Unawasha, inaimba."

Sebahire alimpa santuri aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa na wimbo wa Kilingala, magitaa mawili yakifukuzana na mwanamume mwenye sauti ya asali akiita "Nzambe, Nzambe" kila mara. Kule Nyamitaba kila mtu aliijua kuwa ni sala. Sebahire ndiye aliyewaambia. Alipokuwa kijana aliezeka nyumba miezi minane kule Kisangani, pamoja na mafundi waliosema Kiswahili asubuhi hadi jioni, na aliporudi watu wakadhani amekwisha jua Kilingala. Hakukubali wala hakukataa. Alikuwa akifumba macho santuri ikiimba na kutikisa kichwa mahali panapostahili. Na kwa kuwa Nzambe ni Mungu, wimbo ukawa sala, na ukapigwa hata kwenye ubatizo wa mjukuu wake, naye katekista wa kijiji, Damien, akiwa mbele kabisa, mikono ameikunja kifuani.

Védaste akawasha. Vikombe vilicheza juu ya meza. Sebahire alisikia gitaa tumboni kabla ya kulisikia masikioni, na machozi yakamlenga, kwa sababu alimwona Emérita kwenye kigoda chake, sauti hii ikimfikia hata kama masikio yamefungwa kwa udongo. Moyoni alishampa binamu yake ng'ombe.

Kisha jirani akatuma mtu kusema wana mgonjwa. Védaste akapunguza sauti mpaka ikabaki kama ya mbu, wimbo ukiendelea, wao wakaanza kuzungumza habari za nyumbani. Nyuma ya ukuta, jikoni, mke wa Védaste, aitwaye Verdiane, alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo ya mboga. Mchi ulikuwa unalia pu, pu. Ghafla mchi ukanyamaza na Verdiane akacheka, tena akaujibu ule wimbo kwa Kilingala, kama mtu anavyojibizana na mlevi barabarani. Alikuwa amezaliwa na kukulia Kisangani.

Sebahire alikatiza mazungumzo. Wati makumi mbili zilikuwa zimelala, kuna ukuta, kuna kinu, na mwanamke huyu anasikia. Aliinuka akaenda mpaka mlango wa jikoni, akamwuliza shemeji yake anacheka nini katika sala.

"Sala?" Verdiane alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Ee Papa, huyu mwanaume iko mwongo. Iko ku mulango, mvua inamunyeshea, anaapa kwa Nzambe asema alilala kwa kaka yake. Na bibi yake anamujibu kule ndani: koti njo yako, sasa marashi ni ya nani?"

Sebahire alihisi uso unamwaka moto. Alimwona Damien katekista na mikono yake iliyokunjwa. Lakini aibu hiyo ilikuwa ndogo, ilipita, na nyuma yake ikaja nyingine kubwa. Alikumbuka mwaka ule wa kwanza wa ampli. Emérita, kwenye kigoda chake, alimwuliza wanaimba nini. Naye, asiyejua neno hata moja, akamjibu: iko Kilingala, weye hauwezi kusikia.

Kwetu neno ni hilo moja. Sikio linasikia na akili inasikia; mtu akikwambia hakusikia, ni wewe utambue ni mlango upi uliofungwa. Emérita alilipokea neno la mumewe, akalikunja, akalibeba miaka minane mpaka jikoni. Na mumewe amepima masikio nyuma ya migomba. Debe tupu haliachi kuvuma, naye alikuwa amekuja mbali hivyo kutafuta namna ya kulivumisha zaidi.

Védaste alikuwa amefika mlangoni, akauliza mtamba atashuka na lori la siku gani.

"Ampli ibakie," Sebahire alisema.

Binamu alidhani anapunguza bei. Alimpa habari za transistori upya, akamwonyesha jinsi isivyokula batri, akakumbusha kwamba lampe zikifa mahali pa kuzipata hapajulikani tena. Yote yalikuwa kweli. Sebahire aliitazama ampli ile kwa tamaa isiyofichika, maana alikuwa mtu wa kupenda vyombo na chombo kilikuwa kizuri. Halafu akasema tena, ibakie, tena kwa sauti ile ambayo Nyamitaba nzima inaijua, na Védaste akaacha.

Lori lilikuwa linarudi baada ya siku tatu. Siku zote tatu, mchana, Sebahire alikaa uani na Verdiane, santuri ikizunguka chini chini, akimenya mihogo ili asiwe anamwibia mama wa watu muda wake. Wanaume waliokwenda dukani walimkuta hivyo, mzee mzima na kisu cha mihogo, akirudia maneno ya wimbo kama mtoto wa katekisimu. Walimcheka. Alimenya. Mahali aliposhindwa kushika, alimwomba Verdiane arudishe sindano, na Verdiane akairudisha mpaka akachoka yeye. Upande mmoja wa kila santuri ndio alioweza. Siku hazikutosha zaidi.

Juu ya lori, kati ya madumu ya mafuta, kishawishi kilimjia. Angeweza kufika nyumbani na kumtafsiria mkewe kana kwamba alijua siku zote. Nani angemkatalia? Emérita angefurahi, na jina lake la mtu wa Kilingala lingebaki zima. Wazo hilo lilipanda naye mlima wote. Alilitupa mara kadhaa, likarudi kila mara.

Alifika jua likiwa bado juu. Emérita alikuwa uani na ungo wa maharage. Safari hii Sebahire hakumwita kwa mbali. Alikwenda, akamsalimu, akambebea ungo wake mpaka sebuleni, akamwomba akae. Emérita alikaa kwa mashaka, kama mtu aliyeitwa kupewa habari ya msiba. Sebahire aliwasha ampli yake ya zamani, wakangoja lampe, akaweka sauti ndogo, na wimbo ulipoanza akausema kwa lugha ya kwao, mstari kwa mstari: mtu nje, mvua, kiapo, kaka, koti, marashi.

Kwenye marashi mikono ya Emérita iliacha kuchambua. Hakucheka. Alimgeukia.

"Miaka munane," alisema. "Ulikuwa unasikia hii yote, ukanyamaza?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, wala si kwenye matope ya Walikale. Sebahire alitamani boriti yoyote ya kushika.

"Sikukuwa nasikia kitu," alisema. "Hata neno moja. Bibi ya Védaste njo amenifundisha juzi. Nilikudanganya."

Wimbo ukaisha, sindano ikaanza kukwaruza, na hakuna aliyeiondoa.

"Miye nilizania unasikia, halafu unaninyima," alisema mwishowe. "Nilizania uliniona mujinga, njo ukaamua kufurahi peke yako."

Sebahire alitikisa kichwa. Alikuwa anaona aibu na wakati huo huo mgongo umemlegea, kama mtu aliyetua mzigo. Emérita akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akauliza upande wa pili wa santuri ile wanasema nini.

"Ile sijui," alisema Sebahire.

"Basi tuko wawili," alisema Emérita.

Aliweka ungo chini, akainuka, akaenda mwenyewe kwenye mashine ambayo hakuwahi kuigusa tangu ilipoingia nyumbani. Akainua sindano, akaigeuza santuri.