Kikombe Cheusi cha Mama

Elimu yangu nyingi niliipata kwenye karatasi za kufungia nyama. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu nihamie mjini, mitaa ya Eastlands, nilisoma chochote kilichonifikia mkononi. Jumamosi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilinunua nyama Soko la Burma. Nilipoifungua nyumbani nikakuta ukurasa wa gazeti uliolowa damu pembeni. Ulisema kahawa, na pia vinywaji vya mimea kama soya, huenda vikawasaidia wazee wasipoteze kumbukumbu. Ulisema huenda. Nililipigia mstari neno hilo, kisha nikaendelea kana kwamba halikuwepo.

Mama tulikuwa tumemleta kutoka kijijini kwetu magharibi miezi minne kabla ya hapo, baada ya kupotea kwenye njia ya kisimani aliyoipita tangu aolewe. Alilala chumba cha mbele, na kila asubuhi aliniuliza mimi ni nani. Nilitaka kitu kimoja tu: anijue.

Nikapanga utaratibu. Kikombe kimoja cha kahawa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila maziwa, kwa kuwa ukurasa haukutaja maziwa. Kisha maswali matatu: leo ni siku gani, hapa ni wapi, mimi ni nani. Majibu niliyaandika kwenye daftari.

Siku ya kwanza Mama alikitazama kikombe, akakiweka chini, akajifunga leso kiunoni.

"Nani ametutoka?"

"Hakuna, Mama," mke wangu akamjibu. "Hiyo ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kusahau."

"Kwani nani anasahau?"

Mke wangu alicheka, nami nikacheka. Nilipaswa kufikiri. Kwetu kinywaji cheusi ni cha matanga. Watu wakijaa kwa waliofiwa, maziwa hayatoshi, kwa hiyo hupewa strungi, chai isiyo na maziwa. Mtu hakupi kikombe cheusi asubuhi bila sababu.

Alikinywa chote. Kisha akaanza kulia, na katika kulia akawaita watoto wake mmoja mmoja, kuanzia kifungua mimba, akimtafuta aliyekosekana. Jina langu lilikuwa la nne. Alipolifikia alinishika mkono.

"Wewe upo," akasema, akaendelea na wa tano.

Niliandika: swali la tatu, amejibu sahihi.

Ilikuwa hivyo siku tisa mfululizo. Siku ya tisa jirani yetu Mkamba, mke wa mchonga vinyago, aliingia na pakiti ya unga.

"Poleni jamani. Nimesikia kilio juzi, jana na leo. Kwani mmefiwa na wangapi?"

"Hatujafiwa," mke wangu akasema. "Ni kahawa."

Jirani alimtazama, akanitazama mimi, akauacha unga mezani hata hivyo.

Alipotoka, mke wangu aliendelea kukunja nguo bila kuinua macho.

"Baba watoto, kila asubuhi unamletea mama msiba mpya."

"Lakini ananijua."

"Anakujua akilia."

Nilitaka uhakika. Wiki iliyofuata nilimpa Mama soya iliyokaangwa na kusagwa, ambayo akina mama wa kanisani walikuwa wakiiuza. Ikichemshwa hufanana na chai ya maziwa. Wiki nzima hakulia. Wiki nzima hakumwita mtu. Jumatatu iliyofuata nilimpa strungi, majani ya chai na maji tu, bila chembe ya kahawa. Alijifunga leso. Jina la nne, mkono wangu, "Wewe upo."

Basi haikuwa kahawa. Kama kahawa humsaidia mtu akiinywa miaka mingi, daftari langu lisingeweza kujua. Lilijua tu kwamba mama yangu alinifikia kwa kupitia kifo cha mtu, na kwamba mtu huyo nilikuwa nikimtengeneza mimi, saa kumi na mbili na nusu. Nilisoma kurasa zote tangu mwanzo. Sikuhisi kitu. Nilichonga penseli ingawa ilikuwa bado kali.

Kesho yake makopo mawili yalikuwa kwenye rafu. La kahawa lilikuwa limebaki nusu. Nilichukua la soya.

Mama alikunywa taratibu, leso ikiwa begani.

"Ng'ombe wenu anakula nini? Maziwa yake mazito hivi."

"Majani tu."

"Mmebarikiwa." Alinirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama mgeni mwenye adabu. "Asante, bwana. Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Msalimie sana."

Nikamwambia salamu zitamfika. Nikakiosha kikombe, nikaenda kazini.