Mto Iliyoandikwa Haina Mwenyewe

Hebu wekeni chai chini, na wewe wa huko nyuma sogea, mimi sitapiga kelele. Mto yetu ilikuwa na mchanga mingi, hadi punda akizama leo unamtoa kesho kutwa akiwa amenona. Msicheke. Chini ya hiyo mchanga ndiyo maji ilikuwa inalala. Kiangazi ikifika, mama yangu anachimba shimo ya kumfika kiuno, anazungushia miiba, anangoja kidogo, maji inatokea safi kama ya kubatiza mtoto. Shimo moja ya watu, ingine ya ng'ombe, na huwezi chota kwa shimo ya mwenzako bila kumwomba. Hiyo ndiyo sheria tulikuwa nayo. Haikuandikwa mahali.

Miaka ya tisini ikiisha, karani wa kanjo, ile halmashauri ya wilaya, akakuja na faili. Akauliza wazee, "Hii mto ni ya nani?"

Sasa kwetu Ukambani ukisema mto ni yako, watu wataona umeanza kurukwa na akili. Wazee wakavua kofia, wakajibu kwa heshima, "Ni ya Ngai."

Karani akaandika: haina mwenyewe. Tukaweka kidole kwa karatasi mmoja mmoja, tukidhani tumeandikisha mto kwa Mungu. Mimi pia niliweka. Kidole ni hii hapa. Ingesaidia, ningeikata.

Wiki haikuisha, lori za kuchota mchanga zikaja. Ya kwanza ikifika Nairobi, ya mwisho bado inawasha injini kwetu. Tukienda kwa chifu, anatuonyesha ile karatasi: kitu haina mwenyewe ni ya kanjo.

Miaka chache, mto ikabaki mwamba. Mama akachimba hadi jembe ikavunjika, akaendelea na panga. Akaanza kutembea hadi mto ya watu wengine, anarudi jioni na jerikani nusu.

Ndio siku moja karani akarudi. Ati sheria imebadilika, sasa ni wenyeji watachunga mto. Akasimama juu ya ule mwamba akitabasamu. "Wazazi, mto yenu tumewarudishia."

Mama akaangalia mwamba, akaangalia barabara ya kwenda Nairobi.

"Asante, mwanangu. Inaletwa na lori ngapi?"